Ushuru wa Mlima: Gari Dogo la Kuvuta kwa Magurudumu Manne na Ulaji wa Mafuta Kisii na Nyamira

Hapana lalamiko lisikikalo mara nyingi zaidi katika vituo vya petroli, kuanzia Suneka mpaka Keroka na kutoka Ogembo mpaka Kebirigo, kuliko hili la mwenye gari dogo la kuvuta kwa magurudumu yote manne, awe mwalimu mkuu, padri wa parokia, afisa wa kilimo au mfanyabiashara wa ndizi, asemaye kwamba aliuziwa gari hilo kwa ahadi ya kuwa injini yake ni ndogo na injini ndogo hula kidogo, kisha akauona kwa macho yake mwenyewe mshale wa mafuta ukishuka kwa haraka isiyoonekana hata katika gari kubwa la jirani yake. Lalamiko hilo si la uongo, lakini aghalabu huelekezwa pasipostahili. Kwani mwenye gari, akisha kukasirika, huenda moja kwa moja kwa fundi, na fundi, kwa kuwa ameletewa injini, hutafuta kosa katika injini, akabadilisha plagi, akasafisha nozeli, akauza sensa iliyotolewa katika gari kuukuu la Japani, na baada ya maelfu ya shilingi gari likarudi barabarani likila vilevile. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika nchi hii ya Wagusii sehemu kubwa ya mafuta ambayo injini hulaumiwa kwayo hupotea nje ya injini, na sehemu nyingine haipotei kamwe bali hutumika kihalali, kwa kulipa kile nitakachokiita ushuru wa mlima. Na asiyeutoa kwanza ushuru huo katika hesabu yake hawezi kujua kama gari lake ni gonjwa au ni zima.

Jambo la kwanza, basi, ni hesabu yenyewe, na hapa ndipo wengi hupotea kabla hawajaanza. Ada yetu ni kununua petroli kwa shilingi wala si kwa lita. "Niwekee ya elfu moja," mtu humwambia mhudumu wa pampu, kisha hupima ulaji wa gari kwa siku ambazo elfu hiyo ilidumu. Kipimo hiki kina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba bei haikai mahali pamoja. Tangu Desemba 2010 bei ya juu kabisa ya mafuta nchini Kenya huwekwa kwa amri ya serikali, na siku hizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, inayoitangaza tarehe 14 ya kila mwezi ili ianze kutumika kesho yake. Mnamo Septemba 2021 lita moja ya petroli mjini Nairobi iliuzwa shilingi 134.72, kufikia Oktoba 2023 ilikuwa shilingi 217.36, na bei za Kisii hufuata mkondo uo huo. Elfu moja iliyokuwa ikinunua lita 7.4 ikawa inanunua lita 4.6, yaani zaidi ya thuluthi ya safari za mtu yule ikatoweka, ilhali gari lenyewe halikubadilika hata msumari. Ni watu wangapi waliokwenda kufunguliwa injini miaka ile kwa ugonjwa uliokuwa katika bei!

Kipimo kinachostahili kuitwa kipimo ni cha kujaza tanki mpaka mkono wa pampu ujikatie wenyewe, kuandika kilomita, kuendesha gari katika shughuli zake za kila siku mpaka mafuta yapungue kwa zaidi ya nusu, kisha kurudi kituo kile kile, pampu ile ile, gari likiwa limeelekea upande ule ule, na kujaza tena kwa namna ile ile. Lita zilizoingia safari ya pili ndizo zilizoliwa, na kilomita zigawanywe kwazo. Nasisitiza upande ambao gari limeelekea kwa sababu Kisii ni nchi isiyo na tambarare: vituo vingi vimejengwa ubavuni mwa kilima, na gari likiegeshwa kichwa chini, hewa hubaki katika pembe ya tanki, likasemekana limejaa nalo halijajaa. Kwa gari lenye tanki la lita 40 tu, kama Jimny, lita mbili zilizokosekana kwa namna hiyo zatosha kuharibu hesabu nzima. Ndiyo sababu kujaza mara moja hakutoi ithibati, bali mara tatu au nne mfululizo. Mshale wa kwenye dashibodi usitegemewe hata kidogo, kwani boya linalouendesha huelea ndani ya tanki na kufuata kila mwinuko na kila mteremko.

Hata kilomita zenyewe zaweza kusema uongo. Jimny ya injini ya sentimita za ujazo 1,300 ilitoka kiwandani na matairi ya 205/70R15, yenye kipenyo cha milimita 668. Lakini mwenyewe, kwa kutamani gari liinuke juu ya matope, humtaka fundi amfungie matairi ya 235/75R15, yenye kipenyo cha karibu milimita 733. Tofauti yake ni takribani sehemu 10 kwa mia. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi katika masafa yale yale, na kwa kuwa saa ya kilomita huhesabu mizunguko wala haihesabu njia, gari likienda kilomita 110 saa husoma 100. Mtu huyo huona kwamba gari lake limeanza kula mafuta zaidi kuanzia siku ile ile ya kubadilisha matairi, naye yu sahihi nusu na amekosea nusu: ni kweli kwamba tairi zito lenye meno ya tope ni gumu kuzungushwa na laongeza ulaji, lakini sehemu kubwa ya hasara anayoiona ni kilomita alizokwenda na saa haikuziandika.

Hesabu ikisha kunyooka, ndipo ushuru wa mlima uondolewe. Ziwa Nyanza liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu imeketi ufukweni mwake. Mji wa Kisii uko kwenye mita kama 1,700, na ukiendelea kupanda kuelekea Keroka au Nyamira utakaribia mita 2,000. Gari dogo pamoja na watu wake na mizigo yao lina uzito wa kama kilo 1,300. Kuuinua uzito huo kutoka Kisumu mpaka Kisii, pasipo kuhesabu msuguano wowote, ni kazi ya zaidi ya megajuli 7. Na kwa kuwa lita ya petroli ina megajuli kama 32, ambazo injini hugeuza robo yake tu kuwa kazi, robo tatu zikitoka kwa joto na moshi, kuinua huko peke yake hula karibu lita nzima. Lita hiyo haikupotea kwa kosa la mtu. Na huo ni mwinuko wa jumla, kana kwamba njia yapanda mfululizo, ilhali kila aliyepita Sondu na Oyugis ajua kwamba hupanda, ikashuka, ikapanda tena, na kila mara ushuru hulipwa upya.

Kwa mkaaji wa milimani jambo hili ni la kila siku. Katika uzito nilioutaja, kila mita 100 za kupanda hudai kama sehemu ya sita ya lita. Anayekaa bondeni, akapeleka watoto shule iliyo juu ya kilima, akashuka sokoni Daraja Mbili, akapanda tena kwenda shambani na kurudi, yumkini amepanda mita 500 au 600 kabla ya jioni, naye saa ya gari yamwambia kwamba amekwenda kilomita 30 tu. Mwinuko wa mita 6 katika kila mita 100, ambao hapa kwetu hauhesabiwi kuwa mlima, hudai nguvu mara nne ya ile inayotosha kuyazungusha magurudumu juu ya lami ya tambarare. Na tope jekundu la Aprili, hata pasipo mwinuko wowote, laweza kudai kiasi hicho hicho. Mteremko ungerudisha sehemu ya deni, lakini barabara zenye kona na boda boda na matuta hazimruhusu mtu kuuacha uzito wa gari umpeleke. Hukanyaga breki, na kile alicholipia petroli kupandia kikatoka katika pedi kama joto.

Ndiyo maana tarakimu zilizoandikwa katika karatasi za gari huko Japani hazimfai mtu wa Nyamira. Kipimo cha zamani cha Wajapani, kilichotumika kwa magari mengi yanayotufikia, kilifanywa maabarani juu ya magurudumu ya chuma, injini ikiwa imekwisha kupata moto, kwa mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa, pasipo mlima hata mmoja. Anayelilinganisha gari lake na tarakimu hizo hulihukumu kwa sheria ya nchi nyingine.

Kuna pia suala la hewa, nalo hutajwa sana na kufahamika kidogo. Kwenye mita 1,700 hewa ni pungufu kwa sehemu 15 hivi kwa mia kuliko pwani. Katika magari ya kale yenye kabureta, kama ile Suzuki SJ410 ya sentimita za ujazo 970 iliyotoka kiwandani mwanzo wa miaka ya 1980, nayo bado yaonekana huku na huku katika misheni na mashamba, upungufu huo una madhara ya moja kwa moja: tundu la petroli ni lile lile lililopimwa kwa hewa ya pwani, hewa inayopita ni nyepesi, na mchanganyiko hutoka na petroli ya ziada ya sehemu 8 hata 10 kwa mia, moshi ukawa mweusi na plagi zikaota masizi. Dawa yake ni tundu dogo zaidi na kurekebisha kabureta, na fundi mzee anayejua kazi hiyo ni hazina. Amma magari ya nozeli na kompyuta, haya hujipimia hewa yenyewe na kupunguza petroli ipasavyo, hata yaweza kusemwa kwamba hewa nyepesi haiyadhuru katika ulaji; huyapunguzia nguvu tu. Lakini kupungua kwa nguvu humfanya dereva akanyage zaidi na kushuka gia mapema, na hapo ndipo dhana ya injini ndogo inapovunjika. Injini ya sentimita za ujazo 660 yenye turbo, ile ya Jimny iliyotengenezwa kufuata sheria ya kodi ya Japani, ni hodari sana katika vichochoro vya Osaka. Ikipandishwa Manga na watu wanne na magunia mawili, turbo haipumziki, na kila turbo inapofanya kazi kwa nguvu zake zote kompyuta humwaga petroli ya ziada ili kuipoza mitungi. Injini ya 1,300 isiyokazwa hula kidogo kuliko hiyo, nami sioni ajabu.

Basi tuseme mtu amehesabu vyema, ametoa haki ya matairi na haki ya mlima, na bado gari lamla. Aanze na vile vinavyopapaswa kwa mkono kabla ya vile vinavyofunguliwa kwa spana. Upepo wa magurudumu upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, wala usikisiwe kwa teke. Kisha breki. Udongo wetu mwekundu, ukilowa, huingia katika pini za kalipa na kukauka humo. Mvua za alasiri huzitia kutu. Pedi ikisha kukandamizwa hairudi nyuma, ikabaki imegusa diski kutwa kucha. Hendibreki nayo, ambayo katika miji ya vilima huvutwa kwa nguvu kila gari linapoegeshwa, waya wake hushika kutu ndani ya mpira na kukataa kulegea. Uchunguzi wake haudai ujuzi wala mashine: mtu aendeshe kilomita tano au sita, asimame polepole pasipo kukanyaga breki kwa nguvu, ashuke na kupitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Matatu yakiwa vuguvugu na moja likawa linaunguza, amekwisha kumpata mwizi. Baadaye aliinue gurudumu hilo kwa jeki, gia ikiwa huru, alisukume kwa mkono: zima huzunguka mizunguko kadhaa likiimba kidogo, linaloshikwa husimama mara tu mkono unapoliacha, na mara nyingine husikika likikwaruza mahali pamoja katika kila mzunguko, dalili ya diski iliyopinda.

Yafuata yale yanayohusu magurudumu manne yenyewe, na hapa ulaji mwingi ni wa kusahau. Katika Jimny na ndugu zake wa kale ekseli ya mbele huungwa inapohitajika tu. Mvua ya saa tisa ikinyesha, kama inyeshavyo siku nyingi za mwaka katika nchi hii, dereva huunga ili apande njia ya udongo ya kwake. Asubuhi hutoka akiwa bado ameunga, akaingia lami, akaenda hivyo wiki nzima. Juu ya lami kavu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo mmoja katika kona, na barabara ya kutoka Keumbu kwenda Keroka haiishi kona; kwa kuwa hakuna difu ya kati ya kuyasuluhisha, hushindana, matairi yakakwaruzana na lami na mafuta yakaliwa na ugomvi huo. Katika SJ410 yenye vifungio vya mkono kwenye vitovu vya magurudumu, ambavyo mafundi huviita habu, kosa ni lile lile kwa kiasi kidogo zaidi: mwenyewe huvifunga mwanzo wa masika na kuvifungua akikumbuka, ikiwa atakumbuka, na kwa miezi miwili shafti na difu ya mbele huzungushwa bure. Jimny za baadaye hufunga habu kwa mvuto wa hewa upitao katika mipira myembamba, na mpira mmoja ukipasuka habu huweza kukwama nusu, haijafunga wala haijafungua. Dalili ya yote haya ni moja: gari likigeuzwa kona kali kabisa juu ya lami kavu huwa zito, lasitasita na kuruka kidogo. Amma Terios, ambayo huvuta kwa magurudumu yote manne daima na ina difu ya kati, hiyo haina cha kuungwa. Mwenyewe ahakikishe tu kwamba kitufe cha kufungia difu hakikubonyezwa na mtoto, na akubali kwamba alinunua gari lenye kuzungusha kila kitu wakati wote.

Nafika sasa kwenye kasoro ambayo, kwa maoni yangu, imekula mafuta mengi zaidi katika milima hii kuliko nyingine yoyote, nayo haikutokana na kuharibika kwa kitu bali na kuondolewa kwake kwa makusudi. Themostati ni kizibo kidogo cha chuma na shaba, kisichozidi upana wa vidole vitatu, kikaacho kati ya injini na rejeta, chenye nta ndani yake ambayo huyeyuka na kuvimba maji yafikapo joto la nyuzi 82 au 88, kikayafungulia maji njia ya kwenda kupozwa. Kabla ya hapo hubaki kimefunga ili injini ipate moto upesi. Kikizeeka huweza kukwama kikiwa kimefunga, maji yakachemka na kichwa cha injini kikapinda. Na fundi aliyewahi kulaumiwa kwa kichwa kilichopinda hukichukia kizibo hicho maisha yake yote. "Mwalimu, hiki ni cha nchi za baridi," humwambia mwenye gari huku akikitupa katika kopo lenye vizibo vingine vya wenziwe, "huku kwetu Afrika hakina kazi." Maneno hayo, hata yangesemwa Mombasa, yana walakini, lakini kusemwa Kebirigo, saa kumi na mbili za asubuhi, msemaji mwenyewe akiwa amevaa koti na kofia ya sufu, na ukungu haujaondoka juu ya majani chai, ni jambo la kustaajabisha.

Injini iliyoondolewa themostati hupata moto kwa taratibu mno, na safari zetu ni fupi. Kompyuta, ikiambiwa na sensa ya maji kwamba injini bado ni baridi, huongeza petroli kama ipasavyo, wala haina njia ya kujua kwamba ubaridi huo umefanywa na mwanadamu. Gari likipanda hupata moto kidogo. Likishuka, upepo wa mteremko hulipoza tena, na nyongeza ya petroli ikarudi. Oili hubaki nzito, msuguano ukaongezeka, na petroli isiyochomeka ikateremka kuichafua oili hiyo. Anayetaka yakini afungue boneti asubuhi, kabla injini haijawashwa, aushike mpira mkubwa wa juu wa rejeta, aambie mtu awashe, aendelee kuushika. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, mpira hubaki baridi dakika nyingi ilhali injini imekwisha kupata moto, kisha ghafula huwa wa moto hata mkono ukaachia. Ikiwa haipo, au imekwama wazi, mpira huanza kupata uvuguvugu tangu dakika za mwanzo na kupanda polepole bila kushtua. Hata pasipo kufungua boneti, mshale wa joto usiofika katikati, au unaofika ukipanda Keroka na kuanguka ukishuka kurudi Kisii, umekwisha kutoa ushahidi. Bei ya themostati mpya aghalabu haifiki bei ya kujaza nusu ya tanki. Na aiwekapo, mwenyewe aweke pia maji ya dawa ya rejeta badala ya maji ya mto, kwa sababu kutu ya maji ya mto ndiyo iliyoikwamisha ile ya kwanza.

Baada ya hapo tu ndipo injini yenyewe iingie katika tuhuma. Chujio la hewa lililojaa vumbi la Januari huinyima kabureta pumzi na kuongeza ulaji. Katika gari la nozeli huinyima injini nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji, lakini libadilishwe. Plagi za asili au za bei rahisi, zikisha kulika, hupoteza cheche na petroli pamoja nazo. Sensa ya oksijeni iliyo katika bomba la moshi ndiyo inayomwambia kompyuta kama mchanganyiko umezidi au umepungua. Huchakaa kadiri inavyokwenda, na ikichakaa hudanganya taratibu, mara nyingine pasipo kuwasha taa ya injini. Wengi hununua ya mtumba, wakasahau kwamba wananunua uchakavu wa mtu mwingine. Mashine ya kusomea gari, ambayo mafundi wengi wa mjini sasa wanayo, ina faida kubwa hapa, ila isitumiwe kusoma alama za makosa peke yake kisha ikazimwa. Ndani yake mna tarakimu zinazoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kwa kiasi gani kuliko kipimo chake cha asili. Zikiwa karibu na sifuri, injini haina lawama kubwa na fundi arudi kwenye magurudumu. Zikiwa zimepita sehemu 10 kwa mia chini ya sifuri, petroli yaingia kwa wingi kutoka mahali pasipotakiwa, yamkini nozeli inayovuja. Zikiwa juu yake kwa kiasi hicho, kuna hewa inayoingia kwa wizi au sensa inayopotosha.

Tahadhari moja ya milimani yapasa kutajwa, kwani imewauzia watu injini wasizozihitaji. Fundi akipima kompresheni ya mitungi, akafungua kitabu kinachosema pauni 180, na kipimo chake kikaonyesha 150, hutamka hukumu kwamba pete zimekwisha. Kitabu hicho kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Injini nzima kabisa, ikipimwa Kisii, haina budi kuonyesha karibu 150, kwa kuwa hewa inayokandamizwa ni pungufu tangu mwanzo. Linalofaa kutazamwa ni tofauti baina ya mtungi na mtungi: yote minne ikilingana, injini iachwe, mmoja ukiwa chini ya wenzake kwa mengi, hapo pana maneno.

Kuhusu mafuta yaliyochanganywa, nitapita upesi. Ni kweli kwamba mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko petroli na dizeli yalichanganywa na wenye tamaa, na dizeli ndiyo iliyoathirika zaidi. Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuiondoa faida ya ulaghai huo. Petroli iliyochanganywa hugonga injini mlimani, na kompyuta, kwa kujihami, huchelewesha cheche na kupoteza nguvu. Anayesikia kugonga huko baada ya kujaza kituo fulani ahame kituo, asifungue injini.

Abaki dereva, ambaye hapendi kutajwa. Madereva wetu wengi, wakifika mteremkoni, huweka gia huru, au huweka fri kama wasemavyo wenyewe, wakidhani wanaokoa mafuta. Katika gari la nozeli lililo ndani ya gia, mguu ukiondolewa juu ya pedali, kompyuta hukata petroli kabisa, magurudumu yakaizungusha injini bure. Likiwekwa fri, injini hulazimika kuchoma petroli ili isizime, na breki zikabeba uzito wote peke yake katika mteremko wenye malori ya miwa na mabasi ya usiku. Kwa hiyo wanalipa petroli ili wajiongezee hatari. Wenye gia za otomatiki hukosea kwa namna nyingine: hubonyeza kitufe cha kuzuia gia ya juu ili gari lipande vyema, taa ndogo ikawaka kwenye dashibodi, nayo ikabaki ikiwaka mpaka Kisumu. Mzigo pia ni wa dereva. Mawe ya Tabaka, magunia ya mbolea yaliyosahaulika nyuma ya kiti, keria nzito ya chuma na bamba la mbele lililochomelewa kwa ajili ya urembo, vyote hupandishwa kila kilima na kulipiwa ushuru. Kwa mwendo wetu wa polepole upepo si adui mkubwa, lakini uzito ni adui daima.

Je, kiasi gani cha ulaji chastahili kukubaliwa? Kwa maoni yangu Jimny ya 1,300 yenye gia za mkono, iliyobeba watu wawili au watatu katika lami na changarawe za kaunti hizi mbili, ikitoa kilomita 10 kwa lita haina hatia. Ikishuka hadi 8, mwenyewe aanze kupapasa magurudumu na mpira wa rejeta. Ikiwa chini ya 6, kuna kitu kimeshika, kimevuja au kimeondolewa, na fundi aitwe bila kuchelewa. Anayetoa 10 na bado hajaridhika, shida yake haimo katika gari bali katika chaguo lake. Probox ya kawaida inayompita pale Keumbu, imejaa abiria kupita sheria, ina injini ya 1,300 au 1,500 na uzito usiotofautiana sana na wa kwake. Hula kidogo kwa sababu huvuta kwa magurudumu mawili, gia zake ni ndefu, wala haina ekseli ya pili ya kuvuta. Anayekaa mwisho wa njia ya udongo katika mashamba ya chai, ambako Probox hiyo hiyo husukumwa na watu Aprili na Mei, anajua anacholipia. Lakini barabara kuu za Kisii na Nyamira zimetiwa lami, na aliyejenga kando ya mojawapo yazo, akatumia ekseli ya mbele siku chache tu za mwaka, huibeba na kuilipia petroli katika siku zote zilizobaki.